Pikseli ya Kioo na Pikseli ya Faili: Historia Iliyonifanya Niombe Radhi

Najua nimepotea. Si mnajua tena mambo ya chuo: tesiti zimefuatana kama daladala za asubuhi, na bumu ukilipokea leo keshokutwa unaanza kuulizana na wenzako nani ana unga. Leo ni Jumamosi, saa 5 usiku. Wenzangu wa chumbani wamelala, mmoja anakoroma kama bodaboda inayopanda mlima. Nimeona niandike kisa hiki kabla hakijapoa. Kina aibu yangu ndani yake, na kina historia ambayo kila anayesomea ualimu wa sayansi itamfaa.

Basi ilikuwa hivi. Kikundi chetu cha Biolojia kina watu watano. Tulipewa kazi ya kupima urefu wa seli za utando wa kitunguu. Picha zilikuwa zimeshapigwa kwa kamera iliyofungwa juu ya hadubini, tukagawiwa faili kwenye flashi. Pamoja nazo kulikuwa na picha ya kile kirula cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini, ambacho milimita 1 imegawanywa visehemu 100, kila kisehemu mikromita 10. Kwa kirula hicho tukajua kwamba kwenye picha zetu kila mikromita 1 ni pikseli 2. Programu ya kupimia ni Fiji. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni kile kisiwa. Ni programu ya kuchambua picha za kisayansi, ya bure kabisa, na ndiyo maana sisi wa bumu tunaipenda.

Tukagawana kazi. Mimi nikapima seli 30 kwenye laptopu yangu ya mitumba, kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli 1366 kwa 768, ufunguo mmoja umeng'oka. Mshkaji wangu, ambaye ndiye tunashea chungu kimoja hosteli, akapima seli nyingine 30 kwenye laptopu mpya aliyoletewa na kaka yake. Ile mashine ni balaa. Kioo cha inchi 14 tu, lakini kina pikseli 2560 kwa 1600. Ukifungua picha ya kitunguu unaona kama unaweza kukimenya.

Siku ya kuunganisha data, wastani wangu ulikuwa mikromita 290. Wake ulikuwa 435. Kitunguu kilekile, hadubini ileile.

Hapo ndipo nilipokosea, wadau. Ripoti ilikuwa ya kukabidhi baada ya siku tatu, nimechoka, sijala tangu asubuhi, nikamwambia mbele ya wote: "Kaka, wewe umepika data."

Hakujibu. Alifunga laptopu yake polepole, akaiweka kwenye begi, akaondoka. Siku mbili nilikula ugali peke yangu.

Usiku wa pili usingizi ulikataa. Nikachukua kikokotoo cha simu nikagawanya 435 kwa 290. Jibu: 1.5. Si 1.48, si 1.53, ni moja na nusu kamili. Nikarudi kwenye faili za asili nikapima upya seli 10 kati ya zile zake. Kila moja, kipimo chake kilikuwa mara moja na nusu ya changu. Jamani, mtu anayepika data hapiki hivyo. Mpishi huchanganya kidogo huku, kidogo kule, ili chakula kifanane na chakula. Kosa linalojirudia kwa uwiano uleule linatoka kwenye mashine, au kwenye namna mtu alivyoielewa mashine. Nikakaa na intaneti ya usiku, ile ya bando la bei rahisi, nikaanza kufukua. Nilichokikuta kinaanzia mbali kidogo, kwa mtoto mchanga.

MTOTO WA 1957

Mwaka 1957 huko Marekani, mhandisi Russell Kirsch wa Ofisi ya Taifa ya Viwango alitengeneza na wenzake kifaa cha kusoma picha ya karatasi na kuigeuza namba ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Moja ya picha za mwanzo kabisa ilikuwa ya mwanawe Walden, mwenye umri wa miezi mitatu. Picha ile iligawanywa viraba 176 kwa 176. Piga hesabu: ni viraba 30,976 tu.

Chukua picha hiyo ya Walden uiweke kwenye kioo chenye pikseli 72 kwa kila inchi, kiraba kimoja cha picha kwa kitone kimoja cha kioo. Itakuwa na upana wa sentimita 6 na kitu. Iweke kwa utaratibu uleule kwenye laptopu ya mshkaji wangu, yenye pikseli 216 hivi kwa inchi. Itakuwa sentimita 2 tu, ndogo kuliko picha ya pasipoti. Je, mtoto amepungua? Hata kidogo. Namba zake ni zilezile 30,976. Kilichobadilika ni kioo.

Neno lenyewe "pikseli" lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1965 na Frederic Billingsley, aliyekuwa maabara ya JPL huko California, akieleza picha zilizotumwa na vyombo vya angani kutoka Mwezini na Mirihi. Ona hapo: mwanzoni neno hilo lilihusu picha, yaani data. Ni baadaye ndipo tulipolitumia pia kwa vile vitone vinavyowaka kwenye kioo. Neno moja likawa na kazi mbili. Kwa miaka mingi hakuna aliyeumia, kwa sababu vitu hivyo viwili vilitembea pamoja, kama kumbikumbi.

RASBAND NA KIOO CHA 1987

Macintosh ya kwanza ya kampuni ya Apple ilitoka 1984. Kioo chake kilikuwa cha inchi 9, nyeusi na nyeupe, pikseli 512 kwa 342, na kila inchi ilikuwa na pikseli 72. Namba 72 ilichaguliwa kwa sababu. Wachapaji wa vitabu hupima herufi kwa pointi, na pointi 72 zinakaribia inchi 1. Kwa hiyo herufi ya pointi 12 kwenye kioo ilikuwa na ukubwa uleule itakaoonekana kwenye karatasi. Kioo kilikuwa karatasi, na karatasi ilikuwa kioo.

Mwaka 1987 ikaja Macintosh II. Hii iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja kwenye pikseli 640 kwa 480. Kwa mtu wa michezo ya kompyuta hiyo ilikuwa raha. Kwa mtu wa hadubini ilikuwa mapinduzi, maana picha ya kijivu yenye viwango 256 vya mwanga ndiyo hasa picha ya maabara. Bwana mmoja aitwaye Wayne Rasband, mfanyakazi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zile zinazojulikana kwa herufi NIH, aliliona hilo. Mwaka huohuo akaanza kuandika programu kwa lugha ya Pascal. Ikajulikana kama NIH Image.

Kumbuka mazingira ya wakati ule. Kuchambua picha kwa kompyuta ilikuwa kazi ya maabara zenye fedha, zenye mitambo ya gharama. Rasband alitaka mwanasayansi wa kawaida apime seli zake akiwa amekaa mezani kwake. Na kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, programu yake ikawa mali ya umma: chukua, tumia, fungua uone ndani imeandikwaje, badilisha unavyotaka, bila kulipa chochote.

Sasa jambo linalotuhusu sisi na kitunguu chetu. Kwenye programu za wakati ule, picha ikifunguliwa kwa asilimia 100, pikseli 1 ya faili ilikaa juu ya pikseli 1 ya kioo. Hukuwa na haja ya kutofautisha. Ukitazama kioo ni kama umetazama data yenyewe.

KUTOKA PASCAL HADI JAVA

NIH Image ilikuwa na kasoro moja kubwa: iliishi kwenye Macintosh tu. Mwenye kompyuta ya Windows alibaki anachungulia dirishani. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ikatoa lugha ya Java, ikiwa na ahadi tamu: andika programu mara moja, itumike kwenye kompyuta ya aina yoyote. Rasband akaanza upya. Mwaka 1997 akatoa ImageJ. Ile J mwishoni ni ya Java.

ImageJ ikaenea. Watu wakaiandikia programu ndogo za nyongeza: za kuhesabu seli, za kupima majani, za kuunganisha vipande vya picha. Mnamo 2007 ikaanza Fiji, ambayo ni ImageJ iliyofungashwa pamoja na nyongeza zake nyingi ili mtu asihangaike kuzitafuta moja moja. Jina lake ni utani wa waandishi wa programu: ni kifupisho chenye maana kwamba Fiji ni ImageJ tu. Mwaka 2012 makala mbili zilichapishwa kwenye jarida la Nature Methods. Moja ilieleza Fiji. Nyingine ilisimulia miaka 25 tangu NIH Image hadi ImageJ, na Rasband ni mmoja wa walioiandika. Alishastaafu 2010, lakini aliendelea kuitunza programu yake. Mzee wa namna hiyo kwetu tungemwita mlezi.

Lakini sura ya ImageJ ilibaki ya zamani: kile kijisanduku chembamba chenye menyu juu na safu ya vitufe vidogo chini yake. Ukubwa wa vitufe vile uliandikwa kwa pikseli. Yaani programu haisemi "chora kitufe cha nusu sentimita". Inasema "chora kitufe cha pikseli kadhaa". Chukua kitufe cha upana wa pikseli 26. Kwenye laptopu yangu, yenye pikseli 100 hivi kwa inchi, ni milimita 6 na nusu. Kidole changu na kipanya tunakipata bila shida. Kwenye laptopu ya mshkaji, kitufe hichohicho ni milimita 3. Hapo unatafuta punje ya mtama kwenye sakafu ya giza.

VIOO VIKAWA VIZURI KULIKO PROGRAMU

Mnaweza kudhani tatizo hili limeanza juzi. Sivyo. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa kioo kiitwacho T220, cha inchi 22 na kidogo, chenye pikseli 3840 kwa 2400. Hizo ni pikseli zaidi ya milioni 9, na zaidi ya 200 kwa kila inchi. Kilikuwa kioo cha watu wa sayansi na picha za hospitali, si cha wanafunzi wa hosteli. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Ila programu za kawaida zilizoandikwa kwa hesabu ya pikseli zilionekana humo kama chungu wanaotembea ukutani.

Windows yenyewe ilikuwa imezoea kuhesabu pikseli 96 kwa inchi. Mwaka 2007 toleo la Vista likaleta ujanja. Programu isiyojua habari za vioo vipya inadanganywa kwamba kioo ni kilekile cha pikseli 96. Inachora madirisha yake kwa ukubwa wa zamani, halafu Windows inachukua mchoro wote na kuuvuta kama mpira hadi uenee. Faida: unasoma bila kukodoa macho. Hasara: kila kitu kinakuwa na ukungu.

Mwaka 2010 Apple ikatoa simu ya iPhone 4 yenye pikseli 326 kwa inchi, ikaita kioo hicho Retina. Steve Jobs alieleza jukwaani kwamba mtu akishika simu kwa umbali wa kawaida, ikifika kama pikseli 300 kwa inchi jicho haliwezi tena kuona kitone kimoja kimoja. Juni 2012 ikaja laptopu: MacBook Pro ya inchi 15.4 yenye pikseli 2880 kwa 1800. Apple walitumia hesabu safi. Programu inaambiwa kioo kina pointi 1440 kwa 900, na kila pointi moja inachorwa kwa pikseli nne, mbili kwa mbili. Mara mbili kamili, hakuna nusu. Ndiyo maana programu nyingi za zamani zilionekana kwa ukubwa uleule, ingawa zile ambazo hazikuandaliwa zilikuwa na ukungu kidogo.

Upande wa Windows hesabu haikuwa safi. Watengenezaji walileta vioo vya kila namna, na mtu anaweza kukuza kwa asilimia 125, 150, 175, apendavyo. Asilimia 150 maana yake pikseli 1 inatakiwa ienee kwenye pikseli moja na nusu. Nusu ya kitone haipo, kwa hiyo kompyuta inakadiria rangi ya katikati. Ndipo ukungu unapozaliwa.

Java nayo ilichelewa. Toleo la 8, la mwaka 2014, kwenye Windows liliiambia kompyuta kwamba linajua kushughulika na vioo vipya, kumbe vitufe vya programu zilizohesabu kwa pikseli vilibaki vidogo vilevile. Ni toleo la 9, Septemba 2017, lililoleta ukuzaji wa kweli kwenye Windows na Linux. Lakini Fiji kwa miaka mingi iliendelea kusambazwa ikiwa na Java 8, maana nyongeza zake nyingi zilitegemea toleo hilo, na ukiing'oa ghafla unavunja kazi za watu. Mwaka huohuo wa 2017 Windows 10 ikaweka mahali ambapo mtumiaji anaweza kuilazimisha programu fulani ivutwe na Windows, hata kama programu yenyewe imesema haitaki. ImageJ nayo baadaye ikaongezewa sehemu, kwenye mipangilio ya mwonekano, unapoandika namba na vitufe vyake vinakua.

Kwa kifupi, wadau, hakuna mtu aliyefanya ubaya. Rasband aliandika programu nzuri kwa vioo vya wakati wake. Waliotengeneza vioo walitengeneza vioo vizuri. Katikati yao ule ukweli wa zamani, kwamba pikseli ya kioo ndiyo pikseli ya faili, ulikufa kimya kimya, na sisi hatukuambiwa msiba.

TURUDI KWENYE KITUNGUU

Sasa mnaona kosa la mshkaji? Mimi nililiona saa 8 usiku. Asubuhi nikamfuata kwenye kimbweta chini ya mwembe, nikamwomba anionyeshe alivyofanya, hatua kwa hatua. Alisita, halafu akafungua mashine.

Alipofungua Fiji mara ya kwanza, hakuviona vitufe. Akauliza mtandaoni, akaelekezwa kwenye ule mpangilio wa kuilazimisha Windows ivute programu. Kioo chake kimewekwa asilimia 150. Vitufe vikaonekana, picha ikawa na ukungu kidogo, akaendelea. Hadi hapo hajakosea kitu! Angepima kwenye picha ileile iliyofunguliwa kutoka kwenye faili, angepata jibu kama langu. Mbona kwangu mimi picha haikutosha kwenye kioo, Fiji ikaipunguza yenyewe hadi asilimia 75, na vipimo vikatoka sawasawa? Ukichora mstari juu ya seli, programu haiangalii urefu wa mstari kwenye kioo. Inauliza: mstari huu umevuka pikseli ngapi za faili? Ukuze picha, uipunguze, uitazame kwenye kioo cha ukutani, jibu ni lilelile.

Kosa lilikuwa hatua iliyofuata. Seli zilikuwa zimebanana, naye alitaka kila seli iwe na picha yake ya kuweka kwenye ripoti. Kwa hiyo alipiga picha ya kioo, akakata seli moja moja, akahifadhi, akazifungua upya ndani ya Fiji na kupima humo. Ile picha ya kioo ilinasa pikseli za kioo, baada ya Windows kuvuta. Seli yenye pikseli 580 kwenye faili ikawa na pikseli 870. Na kwa kuwa mwanzoni aliweka tiki kwamba kipimo cha pikseli 2 kwa mikromita kitumike kwa kila picha itakayofunguliwa, Fiji ikagawanya 870 kwa 2 bila kuuliza swali. Ikatoa 435. Kompyuta haina aibu, ikikosea inakosea kwa kujiamini.

Kama tungepima eneo badala ya urefu, kosa lingekuwa kubwa zaidi. Moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25. Na kama tungetumia njia ile ya kuiambia programu itenganishe seli na mandhari kwa kiwango cha mwanga, ule ukungu ungebadilisha mipaka ya seli, na hilo huwezi kulisahihisha kwa kugawanya.

Nikamwambia: "Kaka, nisamehe. Nimekuita mpishi mbele za watu na wewe ulikuwa unataka ripoti ipendeze."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Ungeniuliza tu nimefanyaje. Kuniuliza kungekugharimu nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Jioni hiyo tulipima upya seli zake 30, safari hii kutoka kwenye faili za asili, kwenye kioo chake kizuri, vitufe vikiwa vimekuzwa ndani ya programu yenyewe. Wastani ukaja karibu kabisa na wangu. Halafu niliwaita wale watatu wengine, nikarudia msamaha mbele yao, kwa sababu tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani. Ripoti tuliikabidhi saa moja kabla ya muda, na tuliandika humo kosa letu lote. Kama lekchara atatukata maksi kwa hilo, sawa tu.

KWA WENZANGU WA UALIMU

Mwakani tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Huenda shule utakayopangiwa ina kompyuta moja ya msaada, au laptopu ya mkuu wa shule, au simu yako mwenyewe uliyoishika juu ya jicho la hadubini. Mambo haya nimeyaandika kwenye daftari langu, nayaweka hapa.

Kwanza, pima kutoka kwenye faili iliyotoka kwenye kamera. Picha ya kioo ni ya kuonyesha, si ya kupimia. Ukitaka kipande, kata ndani ya programu yenyewe, maana humo pikseli hazivutwi.

Pili, kabla ya kupima chochote pima kile kirula. Ukichora mstari juu ya visehemu 10 na programu isikuambie mikromita 100, simama hapohapo. Mshkaji angefanya hivyo kwenye picha ya kioo, kosa lingeonekana dakika ya kwanza.

Tatu, ukitaka kukagua mipaka ya kitu kwa jicho, kuza kwa namba kamili: asilimia 100, 200, 400. Hapo kila pikseli ya faili inapata viraba vyake kamili, isipokuwa Windows iwe inavuta tena juu yake.

Nne, wanafunzi wawili wakileta majibu tofauti, gawanya moja kwa jingine kabla hujafungua mdomo. Namba safi kama 1.5 au 2 ina habari ndani yake. Na mwanafunzi anayetoa jibu la ajabu anaweza kuwa ametumia mashine nzuri kuliko yako.

Yule mtoto Walden alikuwa viraba 30,976 mwaka 1957 na ni vilevile hadi leo, ukimtazama kwenye kioo chochote. Mimi nilitazama namba ya kioo nikamhukumu mtu, wakati ukweli ulikuwa kwenye faili, ningeuomba tu.

Mshkaji ameamka sasa hivi, ananiuliza naandika nini usiku huu. Nimemwambia, "Historia." Amesema nizime taa, historia haiishi leo. Kesho zamu ya kupika ni yangu, na wali tutaula pamoja.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.